Kung'oa Mathenge Rhamu: Msumeno ni Nusu ya Kazi

Wengi wetu wa pwani tukitajiwa Rhamu huuliza kwanza iko wapi. Basi na nianze hapo. Ukitoka Mombasa ukapita Malindi, Garsen na Hola mpaka ukafika Garissa, usijidanganye kuwa umekaribia, kwani hujamaliza hata nusu ya safari. Mbele yako iko Wajir, kisha El Wak, kisha nyika tupu yenye vumbi jekundu, na mwisho wake ndipo ulipo mji huo mdogo, kando ya mto Daua, katika Kaunti ya Mandera. Ng'ambo ya mto ni Ethiopia. Mbuzi wa huku hunywa maji na mbuzi wa kule hunywa maji, wakatazamana.

Mimi ni mtu wa Lamu, na kazi yangu ni kukata miti kwa pawasoo, yaani msumeno wa injini. Kazi hii ni ya urithi kwa namna fulani. Babu yangu alikuwa mkata mikoko. Aliijua fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa kuushika mti mkononi tu, gizani, na boriti zake zilipanda majahazi mpaka Arabuni kabla ya Serikali kuzuia mikoko isiuzwe nje mwaka 1982. Yeye alikata kwa shoka. Mimi nilijifunza injini nikiangusha minazi mizee na miembe iliyoinamia mapaa ya watu huko Malindi. Mnazi huanguka unakoambiwa. Sikujua kuwa uko mti ambao hauanguki wala hausimami, bali umekaa tu kama mtu aliyekuja kwa matanga akakataa kuondoka.

Mti huo ni mathenge. Wasomali wengine huuita garanwaa, maana yake ni karibu na kusema "kisichotambulikana". Jina limeufaa, kwa sababu haukuwa mti wao wala wetu. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Na hapa nawaomba ndugu zangu wa Mombasa wasikasirike, kwani mlango mmojawapo aliopitia mgeni huyu kuingia Kenya ulikuwa ni huko huko kwetu: mwaka 1973 mbegu zake zililetwa kutoka Brazil na Hawaii zikapandwa Bamburi, katika machimbo ya mawe ya saruji, ili kuifunika ardhi iliyobaki mifupa mitupu. Nia ilikuwa njema. Baadaye, katika miaka ya 1980, ukapandwa Baringo na Bura katika miradi ya kuni, kwa kuwa watu waliogopa kwamba nyika itakwisha miti na mchanga utawafukia. Mti unaostahimili chumvi, jua na ukame, tena wenye kuni nzuri na maganda matamu ya mifugo, nani angeukataa? Nadhani hata mimi ningepanda.

Kilichotokea kinajulikana. Mbuzi hula maganda yale, mbegu hupita tumboni mwake salama, tena zikiwa zimelainika, na kila alipopita mbuzi mti huota. Mto nao ukifurika hubeba mbegu mpaka mashambani. Mwaka 2006 watu wa Baringo walipoishtaki Serikali kwa kuwaletea mti huu, walimpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe shahidi, meno yake yakiwa yameharibiwa na sukari ya maganda. Mwaka 2008 mathenge ikaandikwa rasmi katika orodha ya magugu mabaya. Lakini gugu halisomi gazeti la Serikali.

Ndugu zetu walioko Omani wanaujua pia. Kule huuita ghaf bahri, ghaf ya baharini, ili kuutenga na ghaf ya asili ambayo ni mti wa heshima jangwani. Sudan iliupokea mwaka 1917, na mwaka 1995 ikatoka amri ya rais kwamba ung'olewe nchi nzima. Haukwisha. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa watu wa Rhamu ni wavivu.

Safari

Nilifika Rhamu mwezi wa Agosti 2023. Nchi ilikuwa imetoka katika ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosa, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, na mizoga iliyokauka ilikuwa bado yaonekana kando ya barabara. Watu waliokuwa na mbuzi mia walikuwa na kumi. Aliyekuwa na ngamia alihesabu vidole vyake. Basi wengi waligeuka wakautazama mto. Kando ya Daua kuna ardhi nyeusi nzuri inayozaa vitunguu, ndizi, maembe, matikiti, mahindi na ufuta, lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imefungwa na mathenge kama kwamba imetiwa kufuli. Wenye mashamba kadhaa walichanga fedha, wakamtuma mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe amtafute mtu wa pawasoo huko Garissa, na aliyepatikana ni mimi, nilikuwa hapo nikikata mathenge nyuma ya ghala la mtu.

Basi letu lilikwenda kwa msafara pamoja na askari, kwa sababu njia ile ina historia ya mashambulio. Pawasoo niliiweka miguuni, nimeifunga kwa gunia, na kila kizuizi nilichofika ilifunguliwa. Mwenye pawasoo nchi hii hutazamwa kwa jicho la pembeni. Tangu Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, askari huuliza kwanza na kusalimu baadaye. Nilikuwa na barua ya chifu na barua ya wenye mashamba. Nilizikunjua na kuzikunja hadi zikachakaa mikunjoni.

Pale Rhamu wenyeji waliponisikia lafudhi yangu waliuliza kama mimi ni Mbajuni wa Kismayu. Niliposema Lamu, mzee mmoja wa Kigarre akanishika mkono akaniambia kwa Kiswahili cha Mandera, kizito kidogo lakini safi, "Adeer, Lamu na Kismayu ni bahari moja." Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu. Nilistaajabu kidogo hapo mwanzoni, kwani adeer ni baba mdogo, nami ni kijana mbele yake. Baadaye nikajua kuwa kwao mzee humwita kijana kwa jina lile lile kijana analomwita yeye. Ni adabu ya kupendeza. Mtu hukemewa na kuheshimiwa kwa neno moja.

Miiba

Kazi huanza baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu ifikapo saa nne jua la Mandera halina mzaha. Kwanza hunolewa mnyororo. Jino moja moja, kwa tupa ya duara, kwa pembe ile ile, upande wa kulia kisha wa kushoto. Vijana wawili waliopewa kuwa wasaidizi wangu waliudhani huu ni uchawi au upotezaji wa wakati. Baada ya wiki moja wao ndio waliokuwa wakininyang'anya tupa.

Kisha huchanganywa mafuta. Injini ya pawasoo haina tangi la oili kama gari, oili yake huchanganywa ndani ya petroli, na kipimo chetu ni mililita ishirini kwa kila lita moja. Ukizidisha, plagi huziba kwa masizi. Ukipunguza, pistoni hukwama, na pistoni mpya kutoka Rhamu ni safari ya kwenda Nairobi. Petroli yenyewe hufika kwa madebe, na nyingine huwa imetiwa kitu ambacho si petroli. Niliichuja yote kwa kitambaa cha kanzu kuukuu.

Wakati tunasubiri jua litoke niliwahi kuwasimulia vijana wale asili ya chombo chetu, na hawakuniamini. Msumeno wa mnyororo ulianza mikononi mwa waganga. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia kijisumeno cha mnyororo cha kuzungusha kwa mkono kukata mfupa, hasa katika uzazi mgumu. Miti ilikuja baadaye. Yule Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa umeme mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Kijana mmoja akasema, "Kwa hivyo wewe ni daktari." Tangu siku hiyo wakaniita daktari, na mji mzima ukafuata. Kuna bibi mmoja aliniletea goti lake nilitazame.

Sasa mathenge yenyewe. Usifikirie mti wenye shina moja unalolikumbatia ukajua unene wake. Mathenge ya kando ya mto ni mashina saba, manane, kumi, yametoka mahali pamoja, yakainama kila upande, yakasukana na ya jirani. Huwezi kulifikia shina bila kupita katikati ya matawi, na matawi ni miiba. Mwiba wake hutoboa ndara za tairi, hutoboa gurudumu la trekta. Ukikuingia mguuni hukatika ncha, na ile ncha huvimbisha mguu siku nyingi. Jioni zetu zilikuwa za sindano na koleo, mtu amelala kifudifudi, mwenzake amemulika tochi. Dukani nilinunua miwani ya kazi mitatu na nikaapa kwamba asiyevaa halipwi. Watu walidhani ni ukali wa mtu wa pwani. Lakini pale Rhamu nimemwona mchungaji aliyepoteza jicho kwa tawi la mathenge lililoachiwa na mtu aliyetangulia mbele yake.

Kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mtu wa kwanza huingia na upembo mrefu wenye panda, akavuta tawi na kulishikilia. Wa pili hulikata kwa panga. Wanawake na watoto wakubwa huyaburuta matawi na kuyapanga ukingoni mwa shamba yawe ua, maana ua wa mathenge hata fisi huuogopa. Nafasi ikipatikana, hufukuliwa udongo kuzunguka shina kwa jembe na chepe. Hapo ndipo huingia mimi. Watu waliokuja kutazama walidhani nitaingia kwanza, nikivuma kama ndege ya vita. Kumbe msumeno huja wa nne.

Kufukua huko kuna sababu mbili. Moja ni mchanga: gome la mathenge lililokaa ardhini limejaa mchanga, na mchanga hula meno ya mnyororo kwa dakika moja kuliko mbao ngumu kwa siku nzima. Ya pili ndiyo kubwa. Macho ya kuchipua ya mti huu yako chini ya uso wa ardhi, mahali shina linapokutana na mizizi. Ukikata juu, hata ukikata sawa na ardhi, umeupogoa tu. Umeufanyia hisani. Baada ya mvua moja huja na mashina mengi zaidi ya yale uliyoyakata. Sharti ukate chini ya hapo, shibiri moja au zaidi ndani ya shimo, au uling'oe lile bonge lote. Na kukata ndani ya shimo na pawasoo ni kazi ya kuogofya, kwani ncha ya msumeno ikigusa jiwe au mzizi mwingine, chombo huruka kinyumenyume kumwelekea aliyekishika, kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Breki ya mnyororo ipo kwa ajili hiyo. Nilikuwa nikiijaribu kila asubuhi kabla ya kusema bismillahi, na baada yake pia.

Mabonge yaliyokuwa makubwa mno tuliyafunika kwa samadi kavu ya ng'ombe tukayatia moto. Huungua polepole siku mbili tatu, bila ndimi za moto, na kuingia ndani mpaka kwenye mizizi. Mbinu hiyo sikuileta mimi, waliijua wenyewe.

Mkunazi na mgunga

Katikati ya kichaka cha mathenge hujificha miti ya haki. Mgunga, mkoma, na zaidi mkunazi, ambao Wasomali huuita gob. Mzee mwenyeji wangu alitoa sharti moja kabla ya kuwasha injini: mkunazi usiguswe. Hakulazimika kunieleza. Sisi sote tunajua majani ya mkunazi yanavyotumika siku ya mwisho ya mtu hapa duniani, na mabinti wa Rhamu huyasaga wakapata unga wanaouita qasil, wa kuoshea nywele na uso. Palikuwa na mkunazi mmoja uliokuwa umezungukwa kabisa, umekonda kama mgonjwa, na kuutoa humo bila kuujeruhi kulituchukua siku nzima ambayo kwa mapatano yetu ya ekari haikuwa na malipo. Wala sikuidai.

Mgunga una kisa kingine. Kuchoma makaa ya mathenge ni jambo linalohimizwa, mradi mtu awe na kibali, na makaa yake ni mazuri, mazito, yasiyolipuka. Lakini mgunga hutoa makaa mazuri vile vile, na hauna mashina kumi. Mtu mwenye tamaa hupata kibali cha mathenge akajaza gunia mgunga, kisha akatandaza mathenge juu. Walinijia watu wawili usiku, wakataka niwakodishe pawasoo "kwa mathenge ya mbali kidogo". Niliwauliza mbona mathenge iko nyuma ya nyumba zao wanaifuata mbali. Wakanywa chai yangu, wakaenda zao.

Niseme haki pia: wako watu Rhamu wasiotaka mathenge iishe. Mchoma makaa hula kwayo. Mwenye mbuzi watano waliosalia baada ya ukame anakumbuka kwamba, nyasi zilipokwisha, maganda yale ndiyo yaliyowaweka hai, na ubovu wa meno ni taabu ya baadaye. Mama mmoja muuza chai kijiweni aliniambia waziwazi kuwa kuni zake zote ni mathenge, na kwamba mimi ni kama mtu aliyekuja kumfungia duka. Nilikunywa chai yake ya maziwa ya ngamia kila siku, akinilipisha bei ile ile ya wengine, akininung'unikia bila kukosa.

Na kijana wangu mmoja, mpenda historia, alikuwa na lake. Yule Jenerali Mathenge wa Mau Mau, Stanley Mathenge, alipotea mwaka 1955, na wengi wakaamini ameingia Ethiopia. Mwaka 2003 mkulima mmoja alitolewa Ethiopia akaletwa Nairobi kwa shangwe akidhaniwa ndiye, akaonekana siye. "Sasa mathenge wetu," akasema kijana akinyosha kidole ng'ambo ya mto, kwenye ukingo wa Ethiopia ulioota kijani kile kile, "huyu amefika kweli."

Ukingo wa mto

Sasa nifike kwenye jambo lililotupa mashaka makubwa kuliko miiba yote. Shamba la mwisho katika orodha yetu lilikuwa la mama mjane, ekari tatu, alizoachiwa na marehemu mumewe. Kwa miaka kadhaa hakuweza hata kuingia humo. Mbuzi wake walikwisha katika ukame, na alikuwa amekopa pampu ya maji kwa nduguye. Mpango wake ulikuwa vitunguu kabla ya mvua ya deyr, ile ya mwisho wa mwaka. Alitaka nikate kila kitu mpaka kwenye maji, kusibaki hata kijiti, kwa sababu pampu lazima ikae karibu na mto na pia kwa sababu mamba hupenda kujificha chini ya vichaka vya ukingoni.

Mzee mwenyeji wangu akakataa. Akasema mathenge ni adui lakini hapo ukingoni ameshika ardhi kwa mizizi yake. Ukimwondoa kabla ya kuweka mwingine, Daua atakuja kuchukua shamba lenyewe. Mama akamjibu kwa heshima, lakini akamjibu: mzee ana mashamba mawili, yeye ana moja, na mti huo ukiachwa ukingoni utadondosha maganda mtoni na shambani, na mwakani atakuwa pale pale alipokuwa. Wote wawili walikuwa na haki. Mimi niliulizwa kama mtaalamu. Daktari, sema.

Nilitembea ukingo ule asubuhi mbili. Niliona mahali ambapo mto ulikuwa umekula chini na udongo unaning'inia kwa mizizi tu. Niliona pia, shamba la tatu juu yetu, kwamba mwenyewe alikwisha safisha mpaka majini mwezi mmoja kabla, kwa vibarua wengine, na palikuwa pamependeza kweli, pamekaa kama bustani. Nikasema nitaacha ukanda wa hatua kumi na tano kutoka majini. Ndani ya ukanda huo kila kichaka nitakipunguza mpaka shina moja lililonyooka, matawi ya chini yote yakatwe ili mamba asipate maficho na jua lipite, na maganda yaokotwe kila yakidondoka. Katikati nitafungua njia moja nyembamba ya bomba la pampu. Nyuma ya ukanda ipandwe miembe na mikoma, na miti hiyo ikishika, baada ya miaka, mathenge ya ukingoni iondolewe kidogo kidogo, huu leo na ule mwakani.

Mama hakufurahi. Alinihesabia hatua zile kumi na tano mbele yangu, kwa miguu yake, ambayo ni mifupi kuliko yangu, na tukakubaliana kwa hatua zake.

Tulimaliza mwishoni mwa Septemba. Maulidi ya Lamu ya mwaka ule sikuyaona. Nilisikia kwa simu matari yakipigwa, nduguye mke wangu akiwa ameinua simu hewani, kisha mtandao ukakatika. Vitunguu vilipandwa. Kila siku ya pili mama yule na jirani zake waling'oa kwa mikono miche ya mathenge iliyochomoza kati ya mistari, maana ardhi ile imejaa mbegu za miaka mingi, na mche wa wiki mbili hung'oka kwa vidole viwili tu. Wa miezi sita huomba jembe. Wa miaka miwili huniomba mimi.

Mwezi wa Novemba mvua ikaja, na msomaji atakumbuka jinsi ilivyokuja mwaka ule wa 2023. Watu waliokuwa wameomba maji miaka mitatu walipewa yote kwa wiki chache. Barabara zikakatika, Mandera ikabaki kisiwa, na Daua akapanda akiwa na rangi ya chai nzito, amebeba magogo, mizoga na mapipa. Tulikaa juu ya kilima tukitazama. Lile shamba lililosafishwa mpaka majini lilianza kumeguka saa za alasiri, vipande vikubwa kama vyumba, na kufika asubuhi karibu theluthi yake haikuwepo. Mwenye shamba alisimama pale bila kusema neno, na watu wakasimama naye.

Shamba la mama liliingia maji mpaka magotini. Vitunguu vya upande wa chini vilioza vyote. Lakini ardhi ilibaki. Mahali pamoja tu ndipo palipoumia sana: ile njia nyembamba ya pampu, ambayo mto uliifanya mlango, ukachimba korongo la kimo cha mtu, lililoingia shambani hatua kama ishirini. Pampu waliwahi kuiokoa.

Maji yalipopungua nilirudi na vijana wangu. Tulijaza mchanga magunia yale yale ya makaa, tukayapanga kuziba mdomo wa korongo, na nyuma yake tukalaza magogo ya mathenge, mazito, ambayo mchwa huyaonea shida, yamefungwa kwa waya. Mama alisimama juu akielekeza. Alikuwa amebadili mawazo juu ya mahali pa pampu: sasa anataka bomba lipite kwa mshazari, lisielekee mto moja kwa moja, ili maji yakipanda yasipate njia iliyonyooka. Mzee akasema hilo ni jambo ambalo hakuliwaza. Mimi pia sikuliwaza.

Kwenye matope mapya yaliyoachwa na mto, kabla hata hatujamaliza kufunga waya, miche ya mathenge ilikuwa imekwisha toka, mamia kwa mamia, majani mawili mawili. Watoto wa mama walikuwa wanashindana kuing'oa, mwenye konzi kubwa akipewa kipande cha halua niliyoletewa kutoka kwetu. Pawasoo ilikuwa imefungwa tena katika gunia lake, kwa sababu watu wa Rhamu Dimtu walikuwa wamekwisha leta ujumbe na mkokoteni wa punda, na wana ekari saba.